Moduli za B0505S-1W: zinatosha kutenga umeme wa vihisi vinne kwenye tenki moja?

Kihisi cha pH kikisoma vizuri kikiwa peke yake kwenye glasi, halafu kikaanza kuyumba mara tu kinapotumbukizwa kwenye tenki lenye kihisi cha EC (kinachopima uwezo wa maji kupitisha umeme), usikimbilie kununua kingine. Mara nyingi ni kizima. Kinachosumbua ni graundi: vihisi vyote vinakula umeme wa pawa saplai moja, na maji yanaviunganisha kwa upande wa pili. Dawa ni kukipa kila kihisi umeme wake uliotengwa, na bidhaa inayokimbiliwa na mafundi wengi kwa kazi hiyo ni kijimoduli cheusi chenye miguu minne kinachoitwa B0505S-1W.

Hapa tunakipima kwa kazi moja tu: pH, EC, ORP (nguvu ya maji kuoksidisha) na oksijeni kwenye maji yaleyale, maikrokontrola moja, betri ya sola. Jibu fupi ni kwamba kinafaa na bei yake ni nzuri, ila hakijitoshelezi. Ukikifunga kama kilivyotoka kwenye mfuko, kitaunguza regyuleta au kitakuletea kelele mpya mahali pa zile ulizokuwa unazikimbia.

Kwanza hakikisha tatizo lako ni hili

Elektrodi ya pH hutoa takriban milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH, maji yakiwa nyuzi 25. Kioo chake kina ukinzani mkubwa mno, megaomu mia moja na zaidi ni kawaida, na elektrodi rejea iliyo ndani ya mpini uleule imeunganishwa na graundi ya bodi. Kihisi cha EC chenyewe hupitisha mkondo kwenye maji kwa makusudi, maana ndivyo kinavyopima. Bodi mbili zikishirikiana graundi, sehemu ya mkondo huo inajipatia njia ya kurudi kupitia elektrodi rejea ya pH. Ikizua milivolti 6 tu pale, umeshakosea pH kwa 0.1. Milivolti 30 ni nusu nzima ya pH, na kwa mfugaji wa sato hiyo ndiyo tofauti ya kumwaga chokaa au kuiacha.

Jaribio ni rahisi. Chota maji ya tenki kwenye glasi, soma pH, kisha tumbukiza kihisi cha EC kikiwa kimewashwa. pH ikiruka, chomoa waya zote za bodi ya EC, za umeme na za data pia, kisha iwashe kwa pawa benki iliyokaa peke yake. Usomaji ukirudi mahali pake, kutenga umeme ndiyo dawa. Usiporudi, tafuta kwingine: kebo iliyoingia maji, plagi ya BNC ya kebo iliyo chafu, au elektrodi iliyokauka.

Na si kila kihisi kinahitaji moduli. DS18B20 ya kupimia joto, ile ya bomba la chuma cha pua, chipu yake imefunikwa kwa gundi na haigusi maji. Swichi ya boya nayo hivyohivyo. Hizo ziache upande wa maikrokontrola. Vinavyohitaji kutengwa ni vile ambavyo elektrodi zake zinagusana na maji. Na usijaribu kubana matumizi kwa kuweka pH na ORP kwenye moduli moja: kila kimoja kina elektrodi rejea yake, na ukiziunganisha umerudi ulikotoka.

Unachonunua hasa

Jina linasomeka hivi: volti 5 zinaingia, volti 5 zinatoka, S ni umbo la miguu iliyopangwa mstari mmoja, wati 1. Maana yake ni miliampea 200 kwa juu. Mornsun wa Guangzhou ndiye jina linalofahamika zaidi, lakini namba hiyohiyo sasa inatumiwa na viwanda vingi, Hi-Link akiwemo. Murata anayo NME0505SC na RECOM anayo RO-0505S, za kazi ileile kwa bei ya juu. Ukiagiza China, B0505S huwa karibu dola 1 kabla ya usafiri. Madukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, tegemea zaidi ya hapo.

Tafuta zenye mwisho wa R2 au R3. Utengano wa hizo hupimwa kwa volti 1500 DC kwa dakika moja, wakati zile za zamani zisizo na R ni volti 1000. Tena R3 inavumilia shoti ya kudumu upande wa kutokea. Ya zamani ukiishoti kwa sekunde kadhaa inakufa. Kwenye mradi wa maji, ambako plagi hulowa, tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua.

Ndani yake kuna transistari mbili zinazosukuma transfoma ndogo kwa zamu, na dayodi za kunyoosha umeme. Hakuna kinachoidhibiti volti ya kutokea, na matatizo yake karibu yote yanaanzia hapo. Volti ya kuingia ikipanda kwa asilimia moja, ya kutokea inapanda kwa asilimia moja na kidogo. Usipoiwekea mzigo, inapita volti 6, na zipo zinazofika 7. Familia hiyohiyo ina IB0505LS-1W ambayo imewekewa regyuleta ndani. Inakupa volti 5 zilizotulia, lakini ufanisi wake uko karibu asilimia 70 ilhali B ni karibu 80 ikiwa na mzigo kamili, na bei yake imechangamka. Kwa anayejua kufunga regyuleta yake mwenyewe, IB haina sababu.

Mzigo mdogo ndio unaounguza

Datashiti inataka mzigo usiopungua asilimia 10, yaani miliampea 20. Bodi ya pH yenye op-amp (chipu ya kukuza ishara) tu inakula miliampea 5 hivi. Kwa hiyo moduli inaelea juu, na unapoweka regyuleta ya volti 3.3 mbele yake ndipo mtego unapofyatuka. MCP1700 na XC6206, ambazo ni maarufu kwa sababu ni ndogo na hazili umeme, zinapokea volti 6 tu. AP2112 inaharibika ikivuka 6.5. Unawasha kifaa siku ya kwanza kinafanya kazi, unachomoa kihisi ili kukisafisha, mzigo unaondoka, volti inapanda, regyuleta inapasuka kimya kimya na kupitisha volti zote kwenye chipu iliyo mbele. Fundi anabaki kulaumu kihisi.

Tumia regyuleta ya HT7333. Inapokea hadi volti 12, yenyewe inakula mikroampea chache, na inatoa miliampea zinazotosha mara kumi kwa kihisi kimoja. AMS1117-3.3 nayo inavumilia na inapatikana kila duka. Inapoteza volti moja na zaidi, lakini kutoka 5 kwenda 3.3 nafasi ipo. Inakula miliampea 5 hivi kwa ajili yake yenyewe, jambo ambalo hapa, kwa kituko, ni faida kwa sababu linaongeza mzigo.

Baada ya hapo chagua kimoja kati ya viwili. Rezista ya omu 270, robo wati, kutoka chanya hadi sifuri upande wa kutokea: inavuta miliampea 18 hadi 20 wakati wote na inaishusha volti mahali pake. Au zena ya volti 5.6, 1N4734A: yenyewe hukaa kimya mpaka volti ipande. Kwa kifaa cha umeme wa ukutani weka rezista na usahau. Kwa kifaa cha betri weka zena, maana rezista ni mwizi. Miliampea 20 kwa volti 5 ni wati 0.1, mzigo ukiwa mdogo kiasi hicho ufanisi wa moduli unashuka sana, kwa hiyo hesabu wati 0.2 zinazotoka kwenye betri kwa kila moduli. Moduli nne kwa saa 24 ni wati-saa 19. Betri ya volti 12 na Ah 7 ina wati-saa 84 ikiwa mpya na imejaa, yaani karibu robo yake inakwenda kupasha rezista moto.

Njia bora zaidi kwa sola ni kuziwasha moduli wakati wa kupima tu. Mosfeti ya AO3401 upande wa chanya, ikiongozwa na mguu wa maikrokontrola, inatosha kwa zote nne. Ukiwasha sekunde 15 kila dakika 10, zile wati-saa 19 zinashuka hadi chini ya nusu wati-saa. Zingatia tu kwamba pH inahitaji muda wa kutulia baada ya kuwashwa, kwa hiyo tupa masomo ya mwanzo. Kihisi cha oksijeni cha aina ya galvaniki hujizalishia volti chenyewe, hivyo hakiathiriki sana na kuzimwa. Kile kinachohitaji kupewa volti ya kudumu kwenye elektrodi kiache kimewashwa, la sivyo kila ukiwasha kinachukua muda mrefu kurudi kwenye usomaji wa kuaminika.

Betri na volti 12

Kuna B1205S-1W, na wengi huiona kama njia ya mkato: volti 12 zinaingia, 5 zinatoka, kwa nini upitie buck, yaani kigeuzi cha kushusha volti? Kwa sababu inaruhusu asilimia 10 juu na chini, yaani 10.8 hadi 13.2. Betri ya risasi ikichajiwa na sola hufika 14.4. Hapo umevuka kikomo cha kuingia, na kwa kuwa haidhibitiwi, cha kutokea kimepanda hadi volti 6 na mzigo ukiwepo. Weka buck moja ya kushusha hadi 5, MP1584 au LM2596, kisha B0505S nne nyuma yake. Buck moja kwa zote inatosha: mizigo yote minne ya kihisi cha kawaida haifiki nusu ampea.

Kelele, na ile isiyotarajiwa

Moduli hutetema kuanzia karibu kilohezi 100 kwa matoleo ya zamani hadi zaidi ya 200 kwa mapya, na huacha mawimbi ya makumi ya milivolti juu ya volti 5. Datashiti inapendekeza kapasita ya mikrofaradi 4.7 upande wa kuingia na 10 upande wa kutokea, na hapo pa kuanzia ni pazuri. Kwa pH ongeza koili ya mikrohenri 10 kwa mfululizo kisha kapasita nyingine ya mikrofaradi 10. Kichujio hicho huanza kukata karibu na kilohezi 16, kwa hiyo kwenye kilohezi 160 kinapunguza mawimbi takriban mara mia. Kumbuka kapasita ndogo za seramiki hupoteza sehemu kubwa ya uwezo zikiwa na volti 5 juu yake. Nunua za volti 16 au 25, umbo la 0805 kwenda juu.

Usijaribu kutibu kelele kwa kapasita kubwa. Elektroliti ya mikrofaradi 1000 kwenye mdomo wa moduli inaonekana kwake kama shoti wakati wa kuwaka: ya zamani inaweza kugoma kuanza au kuungua, na mpya ina ukomo wake ulioandikwa kwenye datashiti.

Kelele inayowachanganya watu ni nyingine. Moduli nne hazitetemi kwa masafa sawasawa. Moja iko kilohezi 210.0, jirani yake 210.8. Zikiwa kwenye waya mmoja wa volti 5, tofauti yao, hezi 800, inajitokeza kwenye umeme wa zote. Kichujio chako hakiioni kwa sababu iko chini mno, ADC (chipu inayogeuza volti kuwa namba) inaiona vizuri, na usomaji unapanda na kushuka polepole kadiri moduli zinavyopata joto na tofauti inavyobadilika. Mtu anasema kihisi kinahama. Dawa ni koili ya mikrohenri 10 pia upande wa kuingia wa kila moduli, pamoja na kapasita yake, na nyaya za volti 5 zitoke sehemu moja kwenda kwa kila moduli badala ya kupita moduli moja kwenda nyingine. Hiyo koili ya pili ndiyo watu huikata ili kuokoa senti. Usiikate.

Umeme umetengwa, data je?

Kosa linaloonekana zaidi kwenye bodi za watu ni hili: moduli nne safi, kisha waya za data za I2C na graundi yake zinakwenda moja kwa moja kwa maikrokontrola. Hapo hakuna kilichotengwa. Kagua pia ngao ya kebo, skrubu za kufungia bodi na boksi la chuma, maana graundi mbili zinaweza kukutania popote.

Kwa I2C, chipu ya kutenga data ya ISO1540 au ADuM1250 hufanya kazi bila usumbufu. Kwenye ISO1540, upande wa 2 uelekeze kwenye basi ya pamoja ya maikrokontrola na upande wa 1 kwa kihisi. Upande wa 1 ukishuka hubaki kati ya volti 0.65 na 0.8, na upande wa 1 wa chipu nyingine hauitambui hiyo kama sifuri. Bodi ya pH inayotoa volti ya analojia iwekee ADC ya ADS1115 upande uliotengwa. Ina anwani nne, kuanzia 0x48 hadi 0x4B, kwa hiyo vihisi vinne vinaenea kwenye basi moja. Ukweli mchungu wa bajeti ni kwamba chipu ya kutenga data mara nyingi inazidi bei ya moduli ya umeme. Kama kihisi chako kinatuma data kwa UART (waya mmoja wa kutuma, mmoja wa kupokea), optokapla mbili, yaani chipu zinazopitisha data kwa mwanga, zinashusha gharama: PC817 inapita kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde ukiwa na rezista ndogo ya kuvuta, omu 1000 hivi, lakini kwa 115200 sahau, chukua 6N137.

Ubao wenyewe

Miguu ya umbo la S iko milimita 2.54 kutoka mmoja hadi mwingine, na mpaka wa utengano uko kati ya mguu wa 2 na wa 3. Ukitumia pedi za kipenyo cha milimita 1.6, umebakiza chini ya milimita moja ya ubao kati ya pande mbili. Volti 1500 za datashiti ni za moduli, hazihusu ubao wako. Kwa tenki la maji la volti 5 si hoja. Kwenye unyevunyevu wa banda la samaki lakini, uchafu na flaksi iliyobaki pale hupitisha umeme kidogo kidogo, na pH ndiyo ya kwanza kulalamika. Osha kwa spiriti, kata mfereji kwenye ubao kati ya miguu hiyo miwili, usipitishe shaba chini ya moduli, kisha paka vanishi.

Na kama kihisi kinagusa umeme wa 230, mathalani kupima volti za laini, B0505S haifai hata kidogo. Utengano wa kumlinda mtu unadai takriban milimita 5 za uso wa ubao kwa volti 250, na moduli iliyojengwa na kuidhinishwa kwa kazi hiyo. F0505S ya volti 3000 ina miguu iliyoachana zaidi, lakini volti za majaribio za dakika moja hazimaanishi kibali cha usalama. Hakikisha datashiti inataja nafasi hiyo na kibali hicho ndipo ununue.

Washindani wake

Texas Instruments wana SN6501, chipu ya miguu mitano inayosukuma transfoma ya nje, miliampea 350 kwa volti 5. Ukiiunganisha na transfoma ya Würth yenye uwiano wa 1:1.3, dayodi mbili za Schottky kama MBR0520L na regyuleta ya volti 5, unapata umeme msafi kuliko wa B0505S na unajua kila kilichomo ndani. Regyuleta hiyo nayo ichague kwa uangalifu, maana bila mzigo inapokea volti 7 hivi: HT7350 ndiyo, ndugu zake wa volti 6 hapana. Kwa kihisi kimoja gharama inapita moduli mara kadhaa, na transfoma ndiyo inayokula pesa.

Ndugu yake mkubwa, SN6505, ndiye anayebadilisha hesabu. Anatoa ampea 1, anaanza taratibu, anajikinga na mkondo mkubwa, na ana mguu wa kupokea saa kutoka nje. Chipu moja inasukuma transfoma nne kwa pamoja, kila moja na dayodi na regyuleta yake. Zote zinatetema kwa pigo moja, kwa hiyo ile hezi 800 haizaliwi kabisa. Ukikatishwa tamaa na bei ya transfoma, zisuke.

Chukua duara la feraiti la milimita 10 kwa 6 kwa 4, aina ya manganizi-zinki yenye upenyezo wa 2000 hivi. Yale madogo yaliyomo kwenye taa mbovu za kuokoa umeme yanakaribiana na hayo. Usitumie duara la njano lenye upande mweupe kutoka pawa saplai ya kompyuta: huo ni unga wa chuma, upenyezo wake ni 75, na chipu itajikuta inasukuma shoti. Eneo la feraiti hiyo ni milimita 8 za mraba. Kwa SN6505A, ambayo masafa yake ya chini ni karibu kilohezi 140, volti 5.5 zinahitaji karibu volti-mikrosekunde 20. Kwa mabadiliko ya sumaku ya tesla 0.2 hesabu inatoa raundi 13 kwa kila nusu. Suka 16, ili mkondo wa kutia sumaku upungue hadi makumi machache ya miliampea. Upande wa pili raundi 21 kwa kila nusu.

Nusu mbili za upande mmoja zisukwe pamoja, waya mbili kwa wakati mmoja, kisha mwisho wa wa kwanza uunganishwe na mwanzo wa wa pili. Ukigeuza hapo, chipu inapata moto ndani ya sekunde. Waya wa enameli pekee usiutegemee kutenga, kwani unakwaruzwa na kingo za feraiti. Tumia waya wa Kynar wa AWG 30 walau upande mmoja. Raundi 74 zinaingia kwenye tundu la milimita 6 kwa kubanana, ndiyo maana kila kihisi kinapata duara lake.

ADuM5000 ya Analog Devices inavutia kwa sababu transfoma imo ndani ya chipu, huhitaji kufikiri. Lakini inatetema kwa megahezi 180, ufanisi wake ni karibu theluthi moja tu, na ili isisumbue redio inataka ubao wa tabaka nne. Kwa betri, pita.

Kuhusu chaja nne za simu, kila kihisi na yake: zinaonekana za bure, ila ndani ya nyingi kuna kapasita inayounganisha upande wa 230 na wa volti 5. Nanofaradi 2.2 hupitisha takriban mikroampea 80 za hezi 50 hadi kwenye maji yako, wakati B0505S ina pikofaradi 20 tu kati ya pande zake. Chaja feki zina hatari kubwa zaidi ya hiyo, na mkono wa mtu unaingia kwenye tenki.

Kupima kabla ya kulehemu

Mpangilio wa miguu si mmoja kwa kila kiwanda na kila umbo, na kuigeuza moduli ni kuiua papo hapo, kwa hiyo datashiti ya uliyoshika mkononi kwanza. Ipe volti 5.0 na upime bila mzigo, andika namba. Weka rezista ya omu 27 ya wati 2 na upime tena: inapaswa kukaa karibu na 5, na moduli iwe vuguvugu, si ya kuunguza kidole. Ikishuka chini ya 4.5 kwa mzigo huo, ni feki au ya daraja la chini. Inaweza kutosha kihisi cha miliampea 15, lakini usiichanganye na nyingine.

Kisha unganisha miguu miwili ya kuingia pamoja na miwili ya kutokea pamoja, na upime kapasitansi kati ya makundi hayo mawili. Makumi ya pikofaradi ni sawa, mamia si sawa. Mwenye mega (kipimio cha ukinzani wa utengano) ya volti 500 apime hapohapo, atarajie gigaomu 1 kwenda juu. Fanya hivyo moduli ikiwa mezani, kabla haijaingia kwenye ubao. Ikishalehemiwa na umeisafisha kwa spiriti, rudia mara moja zaidi vihisi vikiwa vimechomolewa, pande zote mbili za ISO1540 zikiwa zimeshotiwa kila moja na graundi yake ili volti 500 zisipite ndani ya chipu. Namba ikishuka kutoka gigaomu hadi megaomu, moduli haina kosa. Kuna flaksi kati ya mguu wa 2 na wa 3.